Miaka yako 3 ya kwanza alienda nayo nani?

Hebu jaribu hii kwanza. Rudi nyuma kichwani: darasa la kwanza, nasari, halafu kabla ya nasari. Kuna mahali utafika upate giza tu. Kwa watu wazima wengi, kumbukumbu ya kwanza ni ya umri wa miaka 3 hivi au 3 na nusu. Hatua ya kwanza, neno la kwanza, mgongo uliokubeba: hakuna kitu.

Kama wewe ni wa 2004 au 2005, una mtihani rahisi. Fujo za baada ya uchaguzi zilianza mwisho wa Desemba 2007, ukiwa na miaka 2 au 3. Je, unakumbuka moshi wenyewe, ama unakumbuka stori za mathe na picha za TV ulizoona ukiwa mkubwa? Usiape haraka. Ubongo haupigi muhuri kutenganisha ulichoona na ulichoambiwa.

Mwaka wa 1905, Sigmund Freud aliandika kuwa sisi wenyewe huzika kumbukumbu hizo. Sayansi ya leo inasema mengine. Mwaka wa 2014, watafiti wa Toronto wakiongozwa na Paul Frankland na Sheena Josselyn walichunguza hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio. Ukiwa mchanga, sehemu hiyo hutengeneza seli mpya kwa kasi sana. Seli hizo zikijiunga na za zamani, njia za kufikia kumbukumbu huvurugika. Walipopunguza seli mpya kwa watoto wa panya, panya wakakumbuka zaidi. Ni kama Kilimani: bungalow inabomolewa, ghorofa inasimama, na ukirudi baada ya miaka miwili huoni geti uliyoizoea.

Na si kwamba mtoto hashiki kitu. Mwaka wa 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima watoto 26, wa miezi 4 hadi 25, kwa mashine ya MRI huku wakiwaonyesha picha. Hipokampasi iliposhughulika zaidi mtoto akiona picha mara ya kwanza, aliitazama kwa muda mrefu zaidi alipoonyeshwa tena, hasa waliopita mwaka mmoja. Kwa hivyo mambo yanaingia. Kuyatoa ndiyo shida.

Kinachosaidia kuyatoa ni mazungumzo. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2000 uligundua kuwa Wamaori hukumbuka mambo ya kabla ya kutimiza miaka 3, mapema kuliko wenzao Wazungu na wenye asili ya Asia. Watafiti walihusisha hilo na jinsi Wamaori wanavyothamini masimulizi ya yaliyopita. Mtoto anayesimuliwa, kisha akaulizwa “halafu?”, anapata kamba ya kuvutia kumbukumbu.

Sasa tujiangalie. Wengi tuliolelewa kwa hizi apatimenti, mtu tuliyeshinda naye kutoka asubuhi hadi jioni alikuwa yaya. Yaya Centre kila mtu anaijua. Yaya wako je, unajua jina lake? Yeye ndiye aliyekuona ukisimama mara ya kwanza mathe akiwa job. Pengine alikuimbia kwa Kiluhya au Kikamba. Kisha akaenda: aliolewa, ama walikosana kuhusu mshahara, ama alirudi shags. Hakuna aliyemtaja tena nyumbani. Wangu namjua kwa picha moja tu: mkono umenishika bega, uso umebaki nje ya picha.

Kwa hivyo leo muulize mathe jina. Huenda namba bado iko kwa simu yake. Akishika, usimuulize “nilikuwa mtoto aje?” Uliza vitu vidogo: nilikuwa nakataa kula nini, tulikuwa tunaota jua wapi, ulikuwa unaniimbia wimbo gani ndio nilale. Hutakumbuka, usijidanganye. Lakini utajua.

Na kama kuna mtoi kwenu sasa hivi, mwache akusimulie siku yake, hata kama stori haina kichwa wala miguu. Muulize “halafu?”

Kabla hujakata ile simu, sema asante. Ile kazi aliifanyia mtu ambaye hangeweza kumkumbuka.