Plastic Man na Mister Fantastic: Nani Atamwangusha Mwenzake?

Katika makala hii nakusudia kulijibu swali ambalo wengi wetu tumeligombania mabwenini hadi usiku wa manane, lakini ambalo hakuna aliyethubutu kulileta katika kurasa za uhakiki: wakipigana Plastic Man na Mister Fantastic, mashujaa wawili wa katuni za Kimarekani ambao miili yao hunyooka kama mpira, nani atashinda? Najua wapo watakaoguna. Wapo hata waalimu wetu wanaoamini kwamba katuni si fasihi, na kwamba mwanafunzi anayezijadili anaharibu karatasi. Lakini hebu tulitazame swali lenyewe. Huwezi kulijibu bila kuuliza mhusika ameumbwaje, kaumbwa kwa kusudi gani, na kanuni za ulimwengu wake wa kubuni zinamruhusu kufanya nini na kumkataza nini. Mambo hayo hayo si ndiyo tunayoulizwa katika kila mtihani?

Tuanze na mkubwa kwa umri. Plastic Man alitokea mara ya kwanza katika toleo la kwanza la jarida la Police Comics, Agosti 1941, akiwa kazi ya mchoraji na mwandishi Jack Cole katika kampuni ya Quality. Inaelezwa kwamba Cole alitaka kumwita Mtu wa Mpira, na mchapishaji wake ndiye aliyependekeza jina la plastiki, kwa sababu wakati ule plastiki ilikuwa kitu kipya cha kustaajabisha watu. Kabla ya kuwa shujaa, jamaa huyu ni mwizi tu, Eel O'Brian. Usiku mmoja anavamia kiwanda cha kemikali pamoja na genge lake, mlinzi anampiga risasi, na tindikali inamwagikia jeraha lake. Wenzake wanamtupa na kukimbia na gari. Anaokotwa na mtawa, anauguzwa katika nyumba ya watawa, na anapoamka anaona mambo mawili: kwamba yupo mtu aliyemwamini bila kumuuliza chochote, na kwamba mwili wake unavutika. Tangu hapo anawakamata wezi, huku akiendelea kuishi kati yao kwa jina lake la zamani. Msomaji aangalie jambo hili, kwa maana nitalirudia: shujaa huyu aliuanza ushujaa akiwa mhuni, na ujuzi wa uhuni hakuutupa.

Mister Fantastic ni mtoto wa zama nyingine kabisa. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa katika Fantastic Four toleo la kwanza, lenye tarehe ya Novemba 1961, mwaka ule ule ambao Yuri Gagarin alizunguka dunia na Wamarekani wakawa wanahaha wasiachwe nyuma. Reed Richards ni mwanasayansi. Anaunda roketi, anawachukua rafiki yake Ben Grimm, mchumba wake Sue Storm na mdogo wake Sue, Johnny, wanaruka kabla chombo hakijakingwa vya kutosha, na miale ya anga za juu inawapiga wote wanne. Ben ndiye rubani, na ndiye aliyeonya. Wakirudi chini, Ben anageuka jitu la kutisha, anang'oa mti kumpiga nao Reed, na Reed kwa mara ya kwanza ananyoosha mikono na kumzungushia kama kamba. Yaani pigano la kwanza la Reed Richards ni dhidi ya rafiki aliyemponza mwenyewe. Ndiyo maana kicheko chake ni haba.

Katikati ya hawa wawili kuna wa tatu, Elongated Man, aliyetokea mwaka 1960 katika jarida la The Flash. Huyu ananyooka kwa kunywa maji ya tunda, ni mpelelezi mwungwana, na pua yake hutikisika akinusa fumbo. Simdharau, lakini katika pigano hili hana nafasi. Akiingia atafungwa fundo baada ya dakika moja.

Sasa tuje kwenye miili. Wengi tunapobishana tunasema wote wawili "wananyooka," kana kwamba ni jambo moja. Si jambo moja hata kidogo. Reed hunyoosha kile alicho nacho: mkono unakuwa mrefu, shingo inakuwa ndefu, mwili unatandazwa ukawa mwavuli wa kumshukia mtu anayeanguka, au unajikunja ukawa mpira. Vitabu vya maelezo vya Marvel viliwahi hata kumwekea kipimo, kiasi cha futi 1,500. Sare yake nayo ina maelezo: imefumwa kwa kitambaa cha molekuli zisizotulia ili inyooke pamoja naye. Kila kitu kina sababu, kila sababu ina mpaka.

Plastic Man hana kipimo. Huyu hanyooki tu, anakuwa. Anakuwa zulia, taa, kiti, gari, bomba la maji, mwanamke mrembo, uso wa jambazi ambaye yuko chumba cha pili. Cole hakujisumbua kueleza gari hilo linapata wapi injini. Angeeleza, kichekesho kingekufa palepale. Mpaka mmoja tu aliuacha, nao ni wa kifani zaidi kuliko wa kimwili: rangi. Plastic Man akigeuka kiti, ni kiti chekundu chenye mstari wa njano na nyeusi. Msomaji anamwona mara moja, majambazi hawamwoni mpaka kiti kimewakumbatia. Ni kinaya kile kile tunachokijua katika tamthilia, pale hadhira inapojua asilolijua mhusika aliyeko jukwaani.

Hapa ndipo wanaomtetea Reed wanaposimama na kusema: basi amekwisha! Reed si jambazi wa mtaani. Mtu anayepima nyota atashindwa kukiona kiti chekundu katika chumba cha vitu vya kijivu? Hoja hii ni nzito na sitaki kuikimbia. Jibu langu ni kwamba inategemea pigano linafanyikia katika ulimwengu wa nani. Katika kurasa za Cole, upofu wa adui ni kanuni ya ulimwengu, kama vile katika ngano zetu fisi haulizi kwa nini sungura anazungumza. Reed akiingia humo, naye atakikalia kile kiti. Katika kurasa za Lee na Kirby, atakiona, atakizunguka, na huenda akakihutubia kwanza kuhusu muundo wa molekuli zake. Kwa hiyo mtu asiniambie "Reed ana akili" akadhani kamaliza mjadala. Akili hiyo inafanya kazi pale tu ambapo maelezo yana nguvu.

Wenzangu wengine hudai kwamba Reed ndiye Sungura wa hadithi hii, kwa kuwa Sungura hushinda kwa akili. Jamani! Akili ya Sungura si ya maabara. Sungura hajengi mashine. Sungura anadanganya, anajifanya mgonjwa, anajifanya amekufa, anamwacha mwenye nguvu ajiangushe kwa uzito wake. Huo ni ujanja, na katika pigano hili mwenye ujanja ni yule aliyewahi kuwa mwizi. O'Brian amekulia katika dunia ambayo mtu anayekueleza mpango wake ni mjinga au ni mwongo. Reed amekulia katika dunia ambayo kueleza ndiyo heshima.

Mfano wa karibu tunao katika filamu ya Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya mwaka 2022. Reed wa filamu ile, aliyeigizwa na John Krasinski, anasimama mbele ya Wanda aliyekuja kuua, na katika kumsihi aondoke anamfahamisha kwamba mwenzake Black Bolt anaweza kummaliza kwa kunong'ona tu kwa kinywa chake. Wanda anasikiliza, kisha anauondoa mdomo wa Black Bolt. Baada ya hapo anamchambua Reed mwenyewe kama nyuzi za kamba hadi anakufa. Watu watasema yule ni Reed wa ulimwengu mwingine, si yule wa katuni, na ni kweli. Lakini waandishi wa filamu hawakumbuni kutoka hewani. Walichukua tabia anayojulikana nayo, ya kumfundisha hata adui, wakaifikisha mwisho wake.

Linganisha na yaliyompata Plastic Man katika mfululizo wa JLA mwaka 2002. Huko anapasuliwa vipande vipande katika zama za kale na kusambaa chini ya bahari ya Atlantic, anakaa hivyo miaka 3,000, kisha wenzake wanamkusanya na kumrudisha. Alikuwa hai muda wote, na fahamu zake anazo. Mmoja kachambuliwa akafa hapo hapo. Mwingine kavunjwavunjwa, kangoja kuliko umri wa dola ya Kirumi, karudi. Tukiongelea uvumilivu wa mwili peke yake, mjadala ulikwisha mwaka huo. Nasema mwili peke yake, kwa sababu akili yake haikurudi salama: alikiacha kikosi na kujaribu kuwa O'Brian tu. Mwandishi Joe Kelly alifanya jambo la ajabu kidogo pale, kumchukua mchekeshaji na kumuuliza umilele unaumaje. Mimi naona kurasa zile zina tanzia ambayo Reed, pamoja na uzito wake wote wa uso, huifikia mara chache.

Na hapa naomba niseme kinachoniuma hasa. Kila tunapoupigia kura mjadala huu, Reed hupata kura nyingi, na ukiwauliza watu sababu, hawataji futi wala tindikali. Wanasema: Plastic Man ni wa kuchekesha. Kana kwamba kuchekesha ni udhaifu wa misuli! Ni mazoea yale yale ya uhakiki wetu, ambayo humpa tanzia kiti cha mbele na kuiacha futuhi isimame mlangoni. Mazoea ya kuikamua kazi mpaka itoe "funzo," na isipotoa tunaiita burudani tu. Reed tunampenda kwa sababu ni rahisi kumwandikia insha: sayansi, wajibu, hatia, ndoa. Plastic Man tunasema ni mhusika bapa. Bapa? Mtu anayeweza kujitandaza akawa zulia, na chini ya zulia hilo kuna mwizi aliyesamehewa ambaye bado anakunywa na wezi?

Nina kipimo kingine ambacho huwa nakitumia. Mwondolee kila mmoja uwezo wake, uone kinachobaki. Katika miaka ya 1970 Marvel walimwondolea Reed uwezo wa kunyooka kwa muda, na hadithi ikaendelea, kwa sababu Reed ni ubongo, baba na kiongozi. Kunyooka ni nyongeza kwake, na aghalabu hukutumia kufikia bisibisi iliyo upande wa pili wa maabara. Mwondolee O'Brian, anabaki mhalifu mwenye miwani. Kwa hiyo uwezo huo kwake ndio wongofu wake wenyewe. Mtu anayepigana kwa chombo hupigana tofauti na mtu anayepigana kwa kile kilichomwokoa.

Yupo pia aliyemchora. Jack Cole alimwacha Plastic Man, akahamia katuni za kurasa za Playboy, na Agosti 1958, mwaka ambao ndoto yake ya kuwa na katuni ya kila siku magazetini ilikuwa imetimia, alijiua akiwa na umri wa miaka 43. Quality walikwisha funga mwaka 1956 na mali yao kuchukuliwa na DC, ambao walikaa na Plastic Man kabatini kwa miaka kadhaa. Reed yeye hajawahi kukosa nyumba. Mwaka 2025 alirudi tena kwenye sinema kwa sura ya Pedro Pascal. Sehemu ya "nguvu" tunayomhesabia Reed ni nguvu ya kuchapishwa karibu bila kukatizwa.

Mwaka 1996 Marvel na DC walipowapambanisha mashujaa wao, wasomaji walipewa mapigano 5 ya kuyapigia kura, Superman na Hulk wakiwa humo, Batman na Captain America wakiwa humo. Wawili wetu hawakuwekwa. Basi kura yangu naipiga hapa. Wakikutana barabarani bila kupangiana, Reed atajifunga mwenyewe akimfukuza mtu asiye na umbo la kukamatika, na Plastic Man atashinda kabla Reed hajamaliza sentensi yake ya pili. Reed akipewa siku mbili na maabara, atarudi na chombo cha kugandisha, na hapo itabidi tuanze upya, maana kumgandisha O'Brian kunawezekana. Kinachonitia shaka ni kama atatambua kwamba meza anayoundia chombo hicho, jana haikuwa nyekundu.