Je, Wajua? Kafeini Ilivyoandikwa Ndani ya Punje

Je, wajua kwamba punje ya kahawa ya Nyaishozi, mkoani Kagera, ni maandishi? Kahawa inayoanikwa na maganda yake Karagwe na Kyerwa ni robusta kwa sehemu kubwa. Ndani ya seli zake mna vinasaba, maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, T, G na C.

Je, wajua kwamba maandishi hayo yameshasomwa? Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha jenomu ya robusta (seti nzima ya maandishi hayo): kromosomu 11 kwa seti moja, na jeni 25,574 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini.

Je, wajua kwamba mbuni hautengenezi kafeini kwa hatua moja? Huanza na kemikali iitwayo zanthosini. Kisha vimeng'enya huipachika methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, mara tatu. Kabla ya methili ya mwisho, kilichopo ni theobromini, ile ile iliyojaa kwenye kakao.

Je, wajua kompyuta huijuaje kazi ya jeni isiyowahi kuiona? Huilinganisha na jeni ambazo kazi zake zinajulikana. Programu ya BLAST inafanya hivyo tangu 1990. Ni kama bibi anayemwona mtoto njiani, akamtazama paji la uso na kusema: "Wewe ni wa kwa fulani."

Je, wajua kwamba kahawa haikurithi ufundi wa kafeini kutoka kwa chai wala kakao? Kila mmea uliuvumbua kivyake. Kwenye kahawa, jeni za kale zilijinakili, na nakala nyingi zimebaki zikipakana, kama ndugu waliogawana kibanja cha baba yao. Baadhi ya nakala zikajifunza kazi mpya.

Je, wajua kwamba ujirani wa jeni ni ushahidi pia? Bakteria na kuvu mara nyingi hupanga pamoja jeni zote za kemikali moja. Programu ya antiSMASH, iliyotoka 2011, huvisaka vikundi hivyo na kukisia kemikali itakayotoka. Ya mimea, plantiSMASH, ilifuata 2017. Kwenye mimea kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu jeni za kemikali moja huweza kutawanyika mbalimbali.

Je, wajua ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inapopiga vumbi? Ni geosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Jenomu ya mmoja wao, Streptomyces coelicolor, ilichapishwa 2002. Alijulikana kwa kemikali chache tu. Jenomu ikaonyesha vikundi zaidi ya 20 vya jeni za kutengeneza kemikali. Mwaka 2003 watafiti waliiondoa jeni moja iliyoshukiwa, na bakteria wakaacha kutoa harufu hiyo.

Je, wajua kwamba dawa ya usubi, ivermektini, ina asili ya ndugu wa bakteria huyo? Streptomyces avermitilis alipatikana katika udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba jeni mbili zinaweza kufanana kama pacha, vimeng'enya vyake vikafanya kazi tofauti? Ndiyo maana jibu la kompyuta hupelekwa maabara. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wameizima jeni ya kutengeneza theobromini katika miche ya robusta. Kafeini ilipungua kwa hadi asilimia 70.

Je, wajua kwamba pwani ya Kenya na Tanzania kuna kahawa ya porini isiyo na kafeini? Ni Coffea pseudozanguebariae, ndugu wa robusta anayeishi bila kemikali hiyo.

Je, wajua mbuni unaitakia nini kafeini? Ni sumu kwa wadudu, na robusta huwa nayo karibu mara mbili ya arabika. Akamwani, zile punje za Kagera zilizochemshwa na majani ya viungo, zikakaushwa na kutafunwa, mgeni hupewa kama heshima. Anachokitafuna ni silaha ambayo mbuni uliwaandalia wadudu.