Kabla ya Kutuma Pesa kwa Mfuko wa Uwekezaji, Uliza Umetoka Wapi

Disemba iliyopita mama mmoja alipigia kituo chetu cha huduma kwa wateja akiwa na swali moja tu: "Hii Paybill ni ya ukweli?" Alikuwa na shilingi 60,000 kwenye simu, karo ya kifungua mimba wake ya mwezi wa Januari. Mwenzake wa chama alikuwa amemtumia bango kwenye WhatsApp: mfuko wa uwekezaji unaolipa asilimia 18 kwa mwaka.

Tulimweleza kwamba Paybill inaweza kuwa halali na bado mfuko usimfae. Kisha tukamuuliza: rekodi yake ya miaka iliyopita umeiona? Akanyamaza kidogo. "Kwani huwa wanaonyesha?"

Ndiyo, huwa wanaonyesha, na una haki ya kuiitisha. Hivi ndivyo tunavyokushauri uisome.

Anza na leseni

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Orodha ya waliopewa leseni iko kwenye tovuti yake. Linganisha jina neno kwa neno, kwa sababu matapeli hupenda majina yanayofanana. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama si la mfuko huo, simama hapo hapo.

Usidanganywe na mwaka mmoja mzuri

Kumbuka 2024. Mnamo Februari, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na bili za hazina zikalipa vizuri sana. Mifuko ya soko la fedha, ile wengi wetu tunaiita MMF, huweka pesa nyingi kwenye bili hizo na amana za benki. Kwa hivyo karibu yote iling'aa. Kuanzia Agosti mwaka huo riba ya msingi ilianza kushuka, na mapato ya MMF yakafuata. Aliyejiunga kwa sababu ya bango la 2024 alidhani meneja amezembea, kumbe ni msimu uliobadilika.

Ndiyo maana tunasema angalia angalau miaka mitatu, na mitano ni bora zaidi. Tena linganisha mfuko na wenzake wa aina moja. MMF kwa MMF, mfuko wa hisa kwa mfuko wa hisa.

Uliza kuhusu mwaka wake mbaya zaidi

Soko la hisa la Nairobi lilianguka 2022, likaanguka tena 2023, kisha likainuka 2024. Mfuko wa hisa ukikuonyesha 2024 pekee, umekuonyesha upande mmoja wa shilingi. Na hesabu ya hasara ina ujanja wake: 100,000 ikishuka kwa asilimia 30 inabaki 70,000. Ikipanda tena kwa asilimia 30 inafika 91,000 tu. Bado hujarudi ulikoanzia.

Hesabu kinachofika mfukoni

Uliza kama riba inayotangazwa ni kabla au baada ya ada ya usimamizi. Kisha toa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye riba. Ukiweka 100,000 kwa mwaka mzima na MMF ikulipe asilimia 10 baada ya ada, faida ni 10,000, kodi ni 1,500, na chako ni 8,500.

Nani aliyeiweka hiyo rekodi?

Meneja wa mfuko akibadilika, rekodi ya zamani ni ya aliyeondoka. Uliza huyu wa sasa ameshika usukani tangu lini. Uliza pia mdhamini, mtunzaji wa mali na mkaguzi wa hesabu ni akina nani. Mfuko halali hautasita kukujibu.

Lakini tuambiane ukweli: rekodi nzuri si ahadi. Inakuonyesha tu jinsi mfuko ulivyojibeba wakati wa raha na wakati wa shida. Na pesa zilizo kwenye mfuko hazilindwi na bima ya amana, ile inayowakinga wateja wa benki hadi shilingi 500,000.

Yule mama alitupigia tena baada ya siku mbili. Alikuwa ameuliza, akaambiwa mfuko wa kwenye bango una miezi saba tu, na kutoa pesa ni lazima ungoje siku 90. Shule hazingengoja. Tukapiga hesabu pamoja: kwa mwezi mmoja, baada ya kodi, 60,000 zingemletea shilingi 765 kwa asilimia 18. Kwa MMF ya kawaida ya asilimia 10, ni 425. Tofauti ni shilingi 340.

"Karo yote kwa sababu ya mia tatu na arobaini?" akacheka. Pesa alizibakisha kwenye simu, na Januari akalipa shule.

Nawe, kabla ya kubonyeza "Tuma", itisha ripoti ya miaka mitatu. Wakikuletea bango lingine, umeshapata jibu.