Je, Kisima Chetu Kimo Katika Mpango?

Hebu tuanze na jambo ambalo wengi wenu mtalitambua. Akina mama wa kikundi wanavaa sare zao mwezi wa Mei, wanapanda gari mpaka ofisi ya wadi kuomba kisima. Wanapokelewa vizuri, wanapewa viti. Halafu wanaambiwa, "Mama, bajeti imeshapangwa, na hicho kisima hakimo katika mpango." Wanarudi nyumbani wakisema wamenyimwa. Mara nyingi hawakunyimwa. Walichelewa.

Mpango huo ni kitu gani? Mtu anayejenga nyumba yake hajengi kwa siku moja. Mwaka huu anachimba msingi, mwaka ujao ananunua mabati. Lakini tangu mwanzo anajua ni nyumba ya vyumba vingapi. Kaunti nayo ni hivyo hivyo. Ina mpango mkubwa wa miaka mitano, ambao wengi huuita CIDP. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, na wa tatu ni wa 2023 hadi 2027.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema wazi kwamba pesa za umma zisitengwe nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Basi kama kisima chenu hakimo, hata ofisa mwenye roho nzuri atashindwa kuwasaidia. Mpango unaweza kurekebishwa, lakini ni lazima urudi bungeni.

Tena, kuwa katika mpango si kupata pesa. Katika bajeti kuna mishahara, dawa na matumizi mengine. Sheria inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo, na miradi inayoombwa huwa mingi kuliko pesa. Kwa hiyo kila mwaka kuna kuchagua, na kuchagua kuna tarehe zake:

- Kufikia Septemba 1: mpango wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti.
- Kufikia Februari 28: unapelekwa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni.
- Julai 1: mwaka mpya wa fedha unaanza.

Mmeona? Anayekuja Mei amekuta chakula kimeshapakuliwa. Wakati mzuri wa kusema ni Juni na Julai, kabla ya ule mpango wa Septemba kufungwa. Hapo utakuwa unazungumzia pesa za mwaka mzima baadaye.

Sasa kikundi kifanye nini? Kwanza, mwandishi na mwenyekiti waende kwa msimamizi wa wadi, waombe kuona kurasa za wadi yenu katika mpango. Hiyo ni haki yenu. Mkiomba kwa maandishi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka mjibiwe ndani ya siku 21. Pili, andikeni ombi la ukurasa mmoja: kisima kiwe wapi, familia ngapi zitateka maji, shamba ni la nani na amekubali kwa maandishi, na pampu ikiharibika nani atalipa. Tatu, fikeni kwenye mkutano wa wananchi, mseme, na mhakikishe maneno yenu yameandikwa. Nne, bakini na nakala yenye muhuri wa ofisi.

Msiridhike na ahadi ya mdomo, hata ikitoka kwa mheshimiwa mwenyewe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kati yetu, nani amewahi kuuona mpango wa kaunti yetu?
2. Tukiambiwa tuchague kitu kimoja tu, tutachagua nini?
3. Nani atakwenda ofisi ya wadi, na siku gani?