Mimea dhidi ya metali zenye sumu (2): Manjano na seli ya mafuta

Kwa miaka mingi mafuta ya mwilini yalihesabiwa kuwa ghala tu: siku ya shibe mwili unaweka, siku ya njaa unachota. Dhana hiyo ilianguka mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipogundua leptini, homoni ambayo seli za mafuta huitoa kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Baadaye ikajulikana adiponektini, inayoisaidia insulini kufanya kazi. Kwa hiyo seli ya mafuta ikiumia, sukari ya damu nayo huenda mrama.

Na huumia. Wiki iliyopita tuliona jinsi kadimi iliyotoka mgodini ilivyopita kwenye maji na mchele ikavunja mifupa ya wakazi wa bonde la mto Jinzu, Japani. Kwa panya wa maabara, metali hiyohiyo husinyaza seli za mafuta na kupunguza homoni zote mbili. Aseniki nayo huizuia seli kuingiza sukari hata insulini ikiwapo.

Metali hizi hupenda mno kushikamana na salfa. Salfa imo katika protini nyingi, na imo katika glutathioni, kemikali ambayo seli hujitengenezea ili kuzima oksijeni chokozi. Glutathioni ikishikwa na metali, seli inabaki bila kinga.

Hapo ndipo mimea inapoingia: kemikali zake kama kwasetini ya vitunguu maji na kurkumini ya manjano zinaweza kuinasa metali kabla haijafika kwenye salfa. Kazi yao kubwa zaidi, hata hivyo, huenda ikawa nyingine. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, inayozuiliwa na nyingine iitwayo Keap1. Kurkumini ikiigusa Keap1, Nrf2 huachiwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza glutathioni mpya. La kustaajabisha, kurkumini hufanya hivyo kwa kuisumbua seli kidogo. Uchokozi huo mdogo ndio unaoamsha ulinzi.

Majaribio mengi ya kemikali hizi kwenye seli za mafuta hutumia seli za panya ziitwazo 3T3-L1, zilizotengwa na Howard Green na wenzake nchini Marekani miaka ya 1970. Humo kisahanini, kemikali ya mmea humwagwa juu ya seli moja kwa moja. Tumboni mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, na kwenye damu ikaonekana kidogo mno. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kilichofyonzwa kilipanda kwa asilimia 2,000. Mpishi wa pwani anayetia manjano na pilipili manga katika mchuzi mmoja anafanya jambo la maana, ila kijiko chake hakifikii dozi ya maabara. Muuza vidonge anayeahidi "kuondoa sumu zote" anaahidi kitu ambacho majaribio ya binadamu hayajakithibitisha.

Tena manjano yenyewe yanaweza kubeba sumu. Nchini Bangladesh, baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiisugua mizizi kwa kromati ya risasi ili ipate rangi kali. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi. Serikali ikawaonya wafanyabiashara hadharani na kuwatoza faini wakaidi. Kufikia 2021 haikupatikana sampuli hata moja yenye risasi. Ushindi huo uliwakinga walaji wengi kuliko kidonge chochote cha kurkumini.

Wiki ijayo tutaangalia madini ya chuma. Mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza kadimi na risasi kwa wingi zaidi, jambo linalowagusa hasa wajawazito na watoto wadogo.