Moyo wa Mama Nao Unataka Kuangaliwa

Imekuwa desturi katika mikutano yetu ya hadhara kumsifu mwanamke kuwa ni nguzo ya nyumba, na makofi yakisha kupigwa kila mtu hurejea kwake bila ya kuuliza nguzo hiyo yenyewe imesimama juu ya nini. Katika kila wanawake 3 wanaofariki duniani, takriban 1 huuawa na maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Hata hivyo wengi wetu tungali tukiamini kuwa hayo ni maradhi ya wanaume, tena wanaume wa mjini wenye vyeo na vitambi.

Imani hiyo ina gharama yake. Mwanamume akishika kifua hutafutiwa gari mara moja. Mwanamke, ingawa kifua humbana naye, huelekea zaidi kuwa na dalili nyingine: kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya mgongo au taya, na uchovu usioelezeka. Akiyasema hayo huambiwa ni kiungulia, au ni kazi nyingi, au ana shetani wake. Hukandwa mafuta akalazwa chumbani, na saa zinazopotea hapo ndizo ambazo hospitali ingeweza kumwokoa.

Adui aliye mkubwa kuliko wote ni shinikizo la damu, ambalo wananchi huliita presha. Adui huyu hana kelele. Mtu aweza kuishi naye miaka mingi asiumwe hata kichwa. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku mbalimbali na kuonekana vilevile, si jambo la kupuuzwa. Lakini upimaji nao una adabu zake: mtu aketi dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, wala asiwe ametoka kunywa kahawa. Anayepimwa akiwa bado anahema kwa kukimbilia basi ataandikiwa namba zisizo zake.

Liko kundi ambalo tunalisahau mno, nalo ni la akina mama waliopata kifafa cha mimba. Mama wa namna hiyo akijifungua salama hupongezwa, mtoto huandikiwa kadi ya kliniki, na habari ya mama ikaishia hapo. Kumbe hatari yake ya kupata maradhi ya moyo miaka ya mbele ni kiasi cha mara mbili ya wenziwe, na ingefaa apimwe presha kila mwaka. Vilevile mama anayevimba miguu na kukosa pumzi anapolala, katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi 5 baada ya kujifungua, asiambiwe kuwa ndiyo hali ya uzazi. Huenda msuli wa moyo umelegea, na huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ikiwa imehesabiwa yote. Sisi wa pwani tunaye ng'onda, tuna papa mkavu, tuna achari, na siku hizi tuna vile vipande vya kiungo vya dukani ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi tupu. Sikusudii kumnyang'anya mtu papa wake, maana hata mimi nisingekubali. Alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na mpishi asitie chumvi nyingine juu yake. Tambuu yenye tumbaku, kwa upande wake, haina utetezi.

Ama mazoezi, yanayotakiwa ni dakika 150 kwa juma. Kumhubiria habari hiyo mama anayepiga jembe na kuteka maji ni kumdhihaki. Wa kuambiwa ni karani wa ofisini na mwuza genge anayeketi kutwa, na wa kuonywa ni sisi tunaomcheka bibi wa watu akipita alfajiri kwa mwendo wa haraka.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzunguka redio, wakasoma habari za malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Sioni kwa nini matawi ya Chama na ya Umoja wa Wanawake yashindwe leo kuwa na mashine ya presha mezani siku ya mkutano, na mhudumu wa afya wa kuisoma, kabla ya hotuba yoyote kuanza.

Linabaki suala la dawa. Mama akijisikia nafuu huziacha, fedha zikaenda kwenye sare za shule, na mume akaliona hilo ni jambo jema. Dawa za presha huituliza presha maadamu zinamezwa, zikiachwa, inarudi. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari tangu Shaaban, apangiwe saa za daku na futari, na nauli ya kwenda huko aitoe baba mwenye nyumba.