Pima kwanza, ndipo ulipe

Mwezi uliopita mama mmoja, mfanyabiashara wa hapa Mabanda, alirudi kutoka Manyovu na pasi 6 za mtumba. Pale aliponunua hapakuwa na umeme wa kuzijaribia. Alipozichomeka nyumbani, 4 hazikupata moto na 1 ikampiga shoti. Fedha hizo zilikuwa akiba yake yote tangu arejee nchini.

"Mwalimu, ningejuaje?" aliniuliza.

Jibu nililiona zamani katika kambi ya Mtabila, Kasulu, kabla haijafungwa Desemba 2012. Fundi redio mmoja, mkimbizi mwenzetu, alikuwa na kipimo cha ukinzani alichojitengenezea mwenyewe. Nimekiunda upya pamoja na wanafunzi wangu.

Vinatakiwa vitu vinne: betri ya tochi ya volti 1.5, mita ya mshale ya miliampea 1, rezista ya omu 1,200 na rezista ya kuzungusha ya omu 500. Viunge kwa kufuatana, chanya ya betri ielekee chanya ya mita, ukiacha nyaya mbili za kupimia.

Gusanisha nyaya hizo, kisha zungusha rezista mpaka mshale ufike mwisho wa kulia. Hapo ndipo sifuri. Ukiziachanisha, mshale unarudi kushoto, maana yake njia imekatika. Katikati ni omu 1,500. Robo ya mwendo kutoka kushoto ni omu 4,500. Betri ikichoka sifuri huhama, kwa hiyo irekebishe kila unapoanza kupima.

Sasa tuje kwenye pasi. Kwanza isiwe imechomekwa popote. Washa kitufe cha joto, kisha gusa pini mbili za umeme za plagi. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi, basi mshale utakwenda karibu na mwisho wa kulia. Usipotikisika, iache. Halafu gusa mojawapo ya pini hizo na bati la chini. Mshale ukicheza, pasi hiyo ni hatari. Pini ya waya wa ardhini ndiyo pekee inayotakiwa kuungana na bati.

Betri ndogo haioni kila kasoro, lakini huokoa mtaji. Juzi mama yule alivuka tena, kipimo kikiwa kikapuni, akaacha pasi 3 palepale mezani. Muuzaji alinuna, kisha akauliza kifaa hicho kinapatikana wapi.